Jina la Tovuti Bandia Hufungwa kwa Ushahidi: Namna ya Kutoa Taarifa kwa Msajili

Mada kwa wakazi wa kata, iliyotolewa katika mkutano wa hadhara kuhusu huduma za Halmashauri zinazopatikana kwa njia ya mtandao



Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kupanda gari hadi makao makuu ya wilaya sasa huanzia kwenye simu yake ya mkononi. Leseni ya biashara, maombi ya ajira, malipo ya ushuru na taarifa za mikopo ya vikundi, yote yamehamia huko kwa sehemu kubwa. Hilo limepunguza nauli na foleni. Lakini penye watu wengi hapamkosi tapeli. Naye amehamia huko huko, akiwa na nembo ya Taifa aliyoinakili, picha za viongozi alizozichukua mahali, na tovuti iliyofanana na ya Serikali kama pacha.

Mada hii inahusu jambo moja ambalo wananchi wengi hawajaelezwa: tovuti ya kitapeli inaweza kuondolewa, na mwananchi wa kawaida anaweza kuianzisha kazi hiyo kwa kutoa taarifa kwa msajili wa jina la tovuti hiyo. Taarifa hiyo haihitaji wakili wala ada. Inahitaji ushahidi uliokusanywa mapema na kuelekezwa mahali panapostahili.

Mfano wa kikundi kimoja

Uchukuliwe mfano. Ni mfano wa kufundishia na haumlengi mtu yeyote wa kata hii, ila kila hatua yake inafuata njia ambayo matapeli wameizoea.

Kikundi cha akina mama kumi, miongoni mwao wauza mboga, mama lishe na mafundi cherehani, kinasubiri mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ule ambao sheria imeutengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jumanne saa 2 usiku, katibu wa kikundi anapokea ujumbe kwenye simu: awamu mpya ya mikopo imefunguliwa, mwisho wa maombi ni kesho saa 6 mchana, bonyeza hapa. Anabonyeza. Ukurasa unaofunguka una jina la Halmashauri, nembo, na picha ya vikundi vikipokea hundi. Fomu inadai majina, namba za vitambulisho vya NIDA na namba za simu za wanakikundi wote. Mwisho inaagiza kila mmoja atume shilingi 15,000 za uhakiki kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Usiku ule ule wanachanga. Mmoja anakopa kwa jirani ili asiwaangushe wenzake. Asubuhi namba ya simu haipatikani, na shilingi 150,000 zimekwenda pamoja na namba kumi za vitambulisho.

Yanayofuata baada ya hapo ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa makini. Katibu, kwa aibu, anafuta ujumbe wote asije akaulizwa. Mwanakikundi mwingine, kwa nia njema, anausambaza ujumbe ule kwenye makundi matatu akiongeza maneno “jihadharini, ni matapeli”, huku kiungo cha tovuti kikiwa bado kizima ndani yake. Wa tatu anasema wamwachie Mungu. Hakuna hata mmoja aliyeigusa tovuti yenyewe. Alhamisi bado iko wazi, na Ijumaa inakusanya fedha za kikundi cha kata ya jirani.

Kufuta ushahidi kumemsaidia tapeli. Kusambaza kiungo kizima, hata kwa onyo, kumempelekea wateja. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuipeleka habari kwa mwenye uwezo wa kulifunga jina.

Nyuma ya kila jina yupo aliyelitoa

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tovuti ya kitapeli haikushuka kutoka mbinguni. Mtu alikwenda kwa muuzaji, akachagua jina, akalipia, akaandikishwa. Jina hilo, ambalo wataalamu huliita jina la kikoa, halinunuliwi moja kwa moja likawa mali ya mtu milele. Hukodishwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja na kuendelea, nalo huhuishwa kwa malipo mapya. Anayelikodisha kwa umma huitwa msajili.

Msajili asichanganywe na wengine wawili. Yupo mwenye kutunza daftari kuu la majina yote ya aina moja, kwa mfano majina yote yanayoishia na .com. Huyo husimamia rajisi. Na yupo mwenye kompyuta ambamo kurasa na picha za tovuti zimehifadhiwa. Huyo ni mhifadhi wa tovuti. Msajili yuko katikati: ndiye aliyepokea fedha na maelezo ya mteja, na ndiye anayeweza kulisimamisha jina.

Soko la kata linaweza kulifafanua jambo hili. Mfanyabiashara ana kibao chenye namba ya kibanda, na ana stoo alikoweka bidhaa. Msajili anahusika na kibao. Akikiondoa, bidhaa bado zimo stooni, lakini wateja hawajui tena pa kwenda. Kwa tovuti ndivyo ilivyo: jina likisimamishwa, kiungo kilichotawanywa kwenye maelfu ya simu hakifungui kitu. Kurasa zenyewe huondolewa na mhifadhi, na kwa sababu hiyo taarifa nzuri hupelekwa kwa wote wawili kila inapowezekana.

Kwa majina ya kimataifa kama .com, .net na .org, wasajili hufanya kazi chini ya mkataba na shirika liitwalo ICANN, lililoundwa mwaka 1998 na lenye makao yake California, Marekani. Mkataba wa mwaka 2013 ulimtaka kila msajili aweke wazi anwani ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya na ayachunguze kwa haraka. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 5 Aprili 2024 yaliongeza uzito: msajili akipata ushahidi wa kutosha kwamba jina alilolisajili linatumika kwa uovu wa aina zilizotajwa humo, anawajibika kuchukua hatua ya kuukomesha au kuuvuruga. Kusoma tu na kunyamaza hakumtoshi tena.

Kwa majina yanayoishia na .tz utaratibu ni wa nchini. Majina hayo yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na malalamiko huelekezwa kwa msajili wa jina husika na kwa Mamlaka hiyo. ICANN haiamui malalamiko ya majina ya nchi.

Kuisoma anwani kabla ya kuiamini

Kabla ya kutoa taarifa, mwananchi anapaswa kujua jina lipi hasa analolilalamikia. Wengi husoma anwani ya tovuti kuanzia kushoto, na tapeli analijua hilo. Huweka maneno mazuri mwanzoni: jina la Halmashauri, neno mikopo, hata herufi go na tz.

Njia ya kuaminika ni hii. Anwani huanza na https na mikwaju miwili. Ipite mikwaju hiyo, utafutwe mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha isomwe sehemu iliyo mara tu kabla ya mkwaju huo. Hapo ndipo lilipo jina lenye mwenyewe. Tovuti za Halmashauri na taasisi nyingine za Serikali huishia hapo na .go.tz, na majina ya aina hiyo hutolewa kwa taasisi za Serikali pekee. Ikiwa herufi go na tz zimeunganishwa kwa kistari badala ya nukta, kisha zikafuatwa na .com au mwisho mwingine wowote, hiyo si tovuti ya Serikali hata kama nembo inameremeta.

Alama ya kufuli iliyo kando ya anwani nayo imewaponza wengi. Kufuli huonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani. Haielezi aliyeko upande wa pili ni nani. Tapeli naye huweka kufuli, tena bila gharama.

Yanayomhusu msajili na yasiyomhusu

Malalamiko mengi hukwama kwa kupelekwa kwa asiyehusika. Marekebisho ya mwaka 2024 yanataja mambo matano. La kwanza ni programu hasidi zinazoharibu simu au kompyuta au kuiba yaliyomo. La pili ni mtandao wa vifaa vilivyotekwa na kuamrishwa kwa mbali bila wenyewe kujua. La tatu ni kuhadaa, yaani kujifanya taasisi au mtu mwingine ili kuiba fedha, nywila au taarifa. Mfano wa kikundi cha akina mama unaangukia hapa. La nne ni kumpeleka mtu kwenye tovuti bandia kwa kuvuruga njia ya anwani, hata kama ameandika anwani sahihi. La tano ni barua pepe za kero zinapotumika kubeba mojawapo ya hayo manne.

Mtu aliyetukanwa mtandaoni, mteja aliyeletewa nguo ya rangi tofauti, au wafanyabiashara wawili wanaogombania jina la duka, hawa wana malalamiko ya kweli, ila njia zao ni nyingine. Ugomvi wa alama za biashara una utaratibu wake wa usuluhishi tangu mwaka 1999. Ukurasa wa kitapeli ulioko ndani ya Facebook, au kundi la WhatsApp, huripotiwa kwa wenye mtandao huo, kwa kuwa jina la tovuti hapo ni lao na si la tapeli. Hali ni hiyo hiyo kwa kurasa zinazotengenezwa bure ndani ya huduma kubwa za kujenga tovuti: anayepelekewa taarifa ni mwenye huduma.

Lipo jingine linalohitaji busara. Wakati mwingine tovuti ni ya mtu halali, nayo imevamiwa. Tovuti ya shule ya sekondari, kwa mfano, inaweza kupandikizwa ukurasa mmoja wa wizi bila mkuu wa shule kujua. Jina zima likisimamishwa, shule inapoteza tovuti yake na barua pepe zake kwa kosa la mvamizi. Hapo ni vyema mwenye tovuti na mhifadhi wake wajulishwe kwanza waondoe ukurasa huo. Kwa sababu hiyo taarifa isimtuhumu mtu kwa jina. Ieleze kilichoonekana, na uchunguzi wa nani amehusika waachiwe wenye mamlaka.

Kumtafuta msajili

Kazi hii huchukua dakika chache. Kwa majina ya kimataifa, ICANN ina ukurasa wa bure wa kutafutia, lookup.icann.org. Huandikwa jina la tovuti tupu, bila https na bila chochote kilicho baada ya mkwaju. Majibu huonyesha jina la msajili, pamoja na barua pepe na simu ya kupokelea malalamiko ya matumizi mabaya. Jina na anwani ya aliyelisajili kwa kawaida hufichwa, hasa tangu sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika mwezi Mei 2018. Hilo lisimvunje moyo mtoa taarifa, kwa maana anayetafutwa hapa ni msajili, na msajili hafichwi.

Katika majibu hayo kuna tarehe moja ya thamani kubwa: siku jina liliposajiliwa. Halmashauri iliyopo kwa miaka mingi haiwezi kuwa na tovuti iliyozaliwa Jumamosi iliyopita. Tarehe hiyo iandikwe kwenye taarifa, kwa kuwa ni ushahidi ambao msajili mwenyewe anao daftarini na hawezi kuubishia.

Ushahidi unaotosha

Maofisa wa msajili hupokea malalamiko mengi, na yale yasemayo tu “tovuti hii ni ya wezi” huwekwa kando, kwa sababu hayaonyeshi kitu cha kuthibitisha. Ushahidi mzuri ni ule unaomwezesha mtu aliye nchi nyingine, asiyeijua Halmashauri wala lugha ya Kiswahili, kukiona kile kile alichokiona mwananchi.

Kwanza, anwani kamili ya ukurasa, si jina la tovuti peke yake. Ukurasa wa mwanzo unaweza kuwa mtupu, wizi ukawa umejificha ndani. Kama kiungo kilikuwa kimefupishwa, iandikwe pia anwani ya mwisho kilikompeleka mtu.

Pili, picha za skrini zinazoonyesha anwani juu na maudhui chini: ukurasa wenye nembo, fomu inayodai vitambulisho, na maagizo ya kutuma fedha. Zipigwe kabla ya kufuta chochote, maana tovuti hizi hubadilishwa kwa saa chache.

Tatu, ujumbe ulioleta kiungo. Kama ulikuja kwa barua pepe, itunzwe barua yenyewe na vichwa vyake vyote vya kiufundi, kwani ndani yake mna njia iliyopita. Kama ulikuja kwa simu, ipigwe picha inayoonyesha namba ya mtumaji na saa.

Nne, tarehe na saa. Hapa Waswahili wana tahadhari yao wenyewe. Saa 2 usiku ya hapa, msajili aliye ng'ambo akiisoma vivyo hivyo, ataipeleka kwenye saa 8 usiku ya kwetu na kuitafuta pasipo. Iandikwe 20:00, saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa 3 mbele ya saa za kimataifa.

Tano, anwani ya tovuti halisi inayoigwa, pamoja na sentensi moja inayoeleza kwamba taasisi husika haihusiki na ile bandia. Sentensi hiyo ina nguvu zaidi ikitoka kwa taasisi yenyewe, na ndiyo sababu mwananchi anashauriwa kuijulisha Halmashauri siku hiyo hiyo. Mkopo ulioigwa ukiwa wa Halmashauri, Halmashauri ndiyo shahidi wa kwanza.

Yapo pia ya kuepukwa. Mtoa taarifa asijaze fomu ili “kujaribu”. Asijibizane na tapeli wala kumtisha, kwa kuwa atahamisha vitu kabla ya kufungiwa. Na anapokitaja kiungo kwa wengine, akivunje kwa kuandika neno nukta mahali pa alama ya nukta, asije mtu akakibonyeza kwa bahati mbaya.

Mfano wa taarifa

Taarifa ifaayo ni fupi. Kwa msajili wa nje huandikwa kwa Kiingereza, na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri ndicho kinachopaswa kumsaidia mwananchi kuitafsiri. Kwa kikundi kile cha mfano, ingesomeka hivi:

Yah: Tovuti ya kuhadaa inayojifanya Halmashauri ya Wilaya

Jina lililotajwa hapa chini limesajiliwa kwenu. Linatumika kuhadaa wananchi wa Tanzania kwa kujifanya tovuti ya Halmashauri ya Wilaya. Ukurasa wenye anwani iliyoambatishwa unakusanya namba za vitambulisho vya Taifa na kuagiza kila mwombaji atume shilingi 15,000 kwa namba ya simu binafsi. Ulionekana Jumanne saa 20:05, saa za Afrika Mashariki. Jina lilisajiliwa siku 4 kabla ya tukio. Tovuti halisi ya Halmashauri huishia na .go.tz, na Halmashauri imethibitisha kwamba haihusiki na ukurasa huu. Zimeambatishwa picha 4 za skrini na nakala ya ujumbe. Mnaombwa kuchunguza, kulisimamisha jina hili, na kuthibitisha kupokea taarifa hii kwa namba ya kumbukumbu.

Hakuna matusi, hakuna kisa kirefu. Kila sentensi ni kitu kinachoweza kuhakikiwa. Namba ya kumbukumbu itakayotolewa itunzwe, kwa kuwa bila hiyo hakuna pa kuanzia ufuatiliaji. Kwa asiyejua pa kuanzia, ipo pia huduma ya bure iitwayo NetBeacon, ambayo hupokea taarifa za aina hii na kuzifikisha kwa msajili husika.

Msajili asipojibu

Si kila msajili ni mwepesi. Akinyamaza, au akijibu kwamba hatafanya lolote licha ya ushahidi kamili, malalamiko hupelekwa ICANN, yakiambatana na taarifa ya kwanza na tarehe iliyotumwa. ICANN haifungi tovuti yenyewe. Kazi yake ni kumbana msajili kuhusu mkataba wake, na mwisho wa safari inaweza kumnyang'anya kibali.

Kwamba kelele za walalamikaji zina uzito, bara hili limeshuhudia. Kwa miaka kadhaa kampuni iitwayo Freenom ilitoa bure majina yanayoishia na .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta, pamoja na .tk ya visiwa vya Tokelau. Palipo na bure, matapeli walijazana, na majina ya nchi hizo yakachafuka machoni pa dunia. Kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, iliishtaki Freenom nchini Marekani ikidai kwamba ilipuuza malalamiko ya matumizi mabaya. Mwaka 2023 Freenom iliacha kusajili majina mapya. Mwezi Juni mwaka huo Gabon ilirejesha .ga mikononi mwake na kuanza upya, ikiyaondoa mamilioni ya majina ya bure. Kabla ya mwaka kwisha, ICANN ilisitisha kibali cha usajili cha kampuni dada ya Freenom, na mwaka 2024 Freenom ikatangaza kujitoa katika biashara ya majina. Mkazi wa Libreville au Bamako mwenye duka halali alikuwa ameponzwa na jirani asiyemjua, aliyepewa jina bure na asiulizwe kitu.

Fedha na vitambulisho vilivyokwisha kwenda

Ukweli usemwe wazi: kufungwa kwa jina hakurudishi shilingi hata moja. Kunamkinga anayefuata. Kwa fedha zilizotumwa, aliyetapeliwa awasiliane mara moja na mtandao wake wa simu, kwa kuwa kila dakika inampa tapeli nafasi ya kuzitoa. Namba ya simu iliyotumika kutapeli itumwe kwenda 15040, namba ya bure iliyowekwa kwa ajili hiyo. Taarifa ifikishwe kituo cha Polisi, ambako ulaghai wa aina hii huangaliwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Picha zile zile zilizokusanywa kwa ajili ya msajili ndizo zitakazohitajika huko.

Namba za vitambulisho zikishatolewa hazirudishwi. Mwenye kitambulisho ahakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa namba yake, na ambayo haitambui aikatae kwa mtoa huduma. Na ikumbukwe daima: malipo halali ya Serikali hufanyika kwa namba ya malipo, ile iliyozoeleka kama kontroli namba, yenye tarakimu 12. Hayatumwi kwenye simu ya mtu. Mikopo ya asilimia 10, kwa mujibu wa sheria, haina riba, na mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, anayejulikana kwa sura.

Wajibu wa kila mmoja

Ndugu wananchi, tapeli ataibuka tena kwa jina jingine. Hilo halifanyi taarifa ya kwanza kuwa kazi bure. Kila jina linalofungwa linamgharimu fedha, muda na viungo vyote alivyokwisha kuvitawanya. Jina linalofungwa siku ya kwanza humnasa mtu mmoja au wawili. Linaloachwa wiki nzima huvuna kata hadi kata.

Katibu wa kikundi kile cha mfano hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka, kwa niaba ya wenzake waliomtegemea, na tapeli aliipima haraka hiyo kwa makusudi. Aibu aliyoihisi ndiyo iliyompa tapeli siku za ziada. Basi anayekutwa na mkasa wa namna hii asichekwe katika kata hii. Asaidiwe kupiga picha za skrini kabla hajafuta kitu, na apelekwe ofisi ya Mtendaji wa Kata siku hiyo hiyo, ili Kitengo cha TEHAMA kijulishwe na taarifa itoke kabla jua halijazama.

Vijana wenye simu na ujuzi wawakalie karibu wazazi wao katika jambo hili. Viongozi wa vikundi waisome anwani mbele ya wenzao kabla ya kuchanga hata shilingi. Wahenga walishasema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.